Kiyoyozi cha Shangazi

Baba yangu alikuwa amelitoboa lile gari matundu mia moja na kumi na manne. Idadi naijua kwa sababu niliyahesabu mwenyewe, nimelala chali chini yake na tochi mdomoni, siku aliyosema kwamba gari lake halitobolewi.

Halitobolewi! Nilitamani kucheka, hasira ikanizuia.

Lile ni gari la kupandia milima, la zamani kunizidi mimi, milango miwili, umbo la kabati la nguo lililolazwa chini. Nyumbani tunaliita Shangazi, kwa sababu linasikika kabla halijaonekana, na likishafika kila mtu anapisha. Baba alilinunua likiwa gofu, kuku wanataga mahali pa injini. Akalifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Injini akaitoa kwenye lori la kusambazia mikate. Gia boksi sijui aliitoa wapi, na yeye hasemi. Tairi akaweka kubwa mpaka Mama akawa anapanda kwa kigoda. Viti vyake vya awali akavitupa, akafunga viwili vya basi lililopata ajali, na nyuma akajaza tangi la pili la mafuta na sanduku la vifaa, kwa hiyo ndani wanakaa watu wawili tu, dereva na mwenzake. Ubavuni akapandisha bomba la kuvutia hewa hadi juu ya paa, ili injini isinywe maji siku akivuka mto. Mto gani? Mtaani kwetu maji yenyewe tunayapangia foleni na ndoo.

Yote hayo alikata, akachomelea, akatoboa. Kisha mimi, binti yake wa kuzaa, fundi wa viyoyozi mwaka wa kumi na nne huu, nikaomba matundu mawili ya kupitishia mipira ya gesi, nikaambiwa nitaharibu asili ya gari.

Sikuomba kwa anasa. Nina mtoto wa kike wa miaka saba, tunamwita Chiriku kwa sababu anaongea mpaka usingizini, na Chiriku hatoki jasho. Sisemi hatoki sana. Hatoki kabisa. Alizaliwa bila tezi za jasho. Meno yake ni machache na yamechongoka, nywele zake nyepesi kama za mtoto mchanga, na akili yake inatushinda wote nyumbani, lakini joto likimwingia mwilini halina pa kutokea. Daktari alinieleza mara moja nikaelewa, maana hiyo ndiyo kazi yangu, kulitoa joto mahali lisipotakiwa. Baba alielezwa mara sita. Mara zote sita alijibu kwamba mtoto amedekezwa, na kwamba akizoeshwa jua jasho litakuja lenyewe.

Baba yake Chiriku, mume wangu wa zamani, alikwenda mbali kutafuta kazi. Akaipata, pamoja na mke mwingine. Kwa hiyo mimi na mtoto tunaishi kwa wazazi wangu, kwenye vyumba viwili vya uani, nyuma ya gereji ya Baba. Nikiamka nasikia grenda, nikilala nanusa dizeli.

Shule ya Chiriku iko mbali, dakika arobaini kwa gari kama barabara ni nzuri, na barabara haijawahi kuwa nzuri. Darasani hana shida, kuna feni, na mwalimu wake ni mtu wa kuelewa, anamruhusu kukaa na kitambaa kibichi shingoni. Shida ni njiani. Muhula uliopita alipanda basi la shule, akazimia mara mbili kwenye foleni ya magari, na dereva akakataa kumbeba tena. Muhula mzima akakaa ndani, mapazia yamefungwa, ananisubiri nirudi ili anisomee kurasa alizozisoma peke yake. Mwalimu mkuu alikuwa muungwana lakini alisema wazi. Shule ikifunguliwa Jumatatu ile na Chiriku hayupo, nafasi yake anapewa mwingine.

Gari tulilonalo ni moja. Ndilo Shangazi.

Sasa nieleze kwa nini mimi na Baba tulikuwa hatuongei. Mwezi mmoja kabla ya hapo, katikati ya likizo, nikiwa kazini, Baba alimchukua Chiriku saa tano asubuhi akampeleka milimani. Ana kikundi chake cha wazee wenye magari ya zamani, wanapanda vilima kwa mstari, wanapiga picha, wanarudi. Alikwenda kumkomaza. Ndilo neno alilotumia, kumkomaza, kana kwamba mwanangu ni chuma cha kutia motoni. Nilirudi saa tisa nikamkuta Mama amemweka mtoto kwenye beseni la maji, analia huku anammwagia kichwani. Nilimgusa Chiriku shavu nikauondoa mkono haraka. Macho yalikuwa wazi lakini hayaniangalii. Baba alisimama mlangoni na kofia yake, akasema mtoto alifurahi sana, alilala njia nzima kwa raha, hiyo ni homa tu imemwanzia.

Tulilala hospitali siku mbili. Tangu hapo nikawa sizungumzi naye. Nikitaka kitu namwambia Mama, "Mwambie mumeo wa pale gereji." Naye anajibu, "Mwambie fundi wako wa mafriji." Tumekaa meza moja, mita moja kati yetu, Mama katikati anageuza shingo huku na huku, na chumvi inapita kwake kwanza.

Mama ndiye aliyevunja ule mchezo. Jumatano ya wiki ile ya mwisho ya likizo aliweka sufuria mezani kwa kishindo, akamwambia Baba kwamba gari litafungwa kiyoyozi, na kama halifungwi basi yeye na mjukuu wake wanahamia kwa dada yake, na ajipikie. Baba akamega tonge jingine.

"Dashibodi haikatwi," akasema.

"Mwambie sihitaji dashibodi yake," nikasema. "Boksi la baridi nitalitundika chini. Nataka matundu mawili kwenye bati la miguuni."

"Apitishe mipira dirishani."

"Mwambie dirisha likiwa wazi ninampozea nani? Mbwa wa jirani?"

"Mwambie asinipandishie sauti mezani kwangu."

"Jamani, mimi si simu!" Mama akapiga kelele. "Matundu mawili. Yameisha."

Basi Alhamisi nikaanza. Nilikuwa na kila kitu, kompresa mpya ya kusukumia gesi, boksi la baridi, mipira, na kondensa, ile inayofanana na rejeta ambayo hukaa mbele ya gari na kutupa joto nje. Kilichonishinda ni kishikio. Injini ya lori la mikate haikutengenezewa kompresa ya AC, hakuna mahali pa kuifunga, na mkanda unataka puli zote zikae mstari mmoja bila kupishana hata upana wa ukucha. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna mtu ninayemjua anayemfikia Baba. Kulikiri hilo kuliniuma kuliko kumwomba.

Mama akapeleka ujumbe. Baba akaja, akaitazama injini, akaitazama kompresa, akainyanyua akaondoka nayo bila neno. Kutwa ya Ijumaa nilisikia grenda na msumeno. Jioni aliileta ikiwa imeshafungwa kwenye kishikio cha bati nene, kona zimelainishwa kwa tupa, imepakwa rangi nyeusi na imekauka. Nilipoipachika kwenye injini matundu manne yakaingia yote kwa mkono, bila nyundo. Nikaweka rula kwenye puli. Mstari mmoja.

Nilikasirika zaidi. Mtu mwenye mikono ile, mwenye jicho lile la kuona upana wa ukucha, alishindwaje kumwona mtoto akiungua pembeni yake?

Kitu kingine nilikiona jioni ile na nikakiacha. Kile kifuniko kidogo cha kompresa cha kutilia oili kilikuwa kimefutwa, kinang'aa, na kwenye kichwa cha bolti kulikuwa na alama mpya ya spana. Nikadhani Baba amekisafisha tu ili kipendeze. Fundi mzuri angekifungua akapima. Mimi nilikuwa na haraka, na nadhani nilikuwa nimefurahi pia, ingawa nisingekubali hata kwa bakora.

Jumamosi asubuhi nikatoboa yale mawili. Baba aliposikia drili akaweka kofia akatoka kwenda barabarani, akasimama huko amelipa gereji mgongo. Nikapitisha mipira, nikakaza, nikaunga pampu ya kuvuta hewa. Mfumo wa AC lazima utolewe hewa yote kwanza, kisha unafunga valvu na kusubiri. Sindano ya geji ikitulia, hakuna panapovuja. Ilitulia saa nzima. Nikaweka gesi. Nikawasha injini, nikabonyeza swichi, na kwa dakika kumi Shangazi alipumua baridi. Chiriku alikuwa anachungulia kwenye dirisha la chumba chetu. Nikamwonyesha dole gumba akaanza kurukaruka kitandani.

Kisha kompresa ikagonga.

Kwanza mlio mmoja, kama mtu anayebisha hodi. Halafu ikawa mfululizo. Sindano ya upande wa juu ikapanda mpaka mwisho, mkanda ukalia, harufu ya mpira ikatoka. Nikazima kila kitu. Nikaivuta gesi yote nikairudisha kwenye mtungi, nikafungua mpira wa kwanza, na badala ya tone dogo la oili safi isiyo na rangi kikatoka kimiminika cha kahawia, kizito, kinanuka. Harufu ile nimekua nayo. Ni oili ya injini.

Sikuhitaji mpelelezi. Kompresa ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu zaidi yangu tangu ilipotoka kwenye boksi.

Baba alikuwa amekaa nje ya gereji na rafiki yake anayeitwa Kapteni, ambaye maishani hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Walikuwa wanakunywa chai. Nilipokuwa nakaribia nilimsikia Kapteni akisema, "AC kwenye gari la kiume! Mtaweka na mapazia?" Baba akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza.

Nilisimama mbele yake nikamwekea kidole chenye oili chini ya pua.

"Nusa."

Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa mwezi mzima.

"Oili," akasema.

"Nani kaitia kwenye kompresa?"

"Mimi." Hakuona haya hata kidogo. "Nilifungua nikatia kidole, karibu pakavu. Wamekuuzia kitu kikavu. Nikajaza."

"Ukajaza mpaka wapi?"

"Mpaka ikafurika."

Nikaona giza. Nilimtolea uvivu pale pale, mbele ya Kapteni, mbele ya wapita njia, mbele ya Mama aliyetoka na sinia. Nilimwambia kompresa inakuja na oili yake, ya aina yake, imepimwa kiwandani, kidogo kama ya kijiko, na ile yake ya matrekta imeziba mfumo mzima mpaka mbele. Nilimwambia amenishinda, anionyeshe basi kwamba ameshinda, avae na medali. Nikasema, "Mara ya kwanza ulijaribu kumuua kwa jua, ukashindwa. Sasa umejaribu kwa oili. Una njia nyingine, au nimfungashie mtoto nguo zake?"

Kapteni akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Hata chai hakumaliza.

Baba hakunyanyua sauti. Aliitazama oili iliyokuwa inatiririka hadi kwenye kiganja changu. "Ni ile ya kopo jipya," akasema. "Ile nzuri. Sijawahi hata kumtilia Shangazi."

"Kwa hiyo?"

"Nilitaka kidumu. Si ni cha mtoto?"

Nilikuwa nimejipanga kwa ajili ya mtu aliyefanya makusudi, na mtu wa makusudi hayupo. Alikuwepo mzee anayeamini kwamba mashine yoyote duniani, ukiipenda, unaipa oili mpaka ifurike. Hajui kupenda kwingine. Ningemkuta na hila ningepumua. Sasa hasira yote ilibaki kwangu, moto, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe, maana nilikiona kile kifuniko.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema.

"Nikuulize wewe habari za oili?" akasema, na alishangaa kweli. "Mimi nimeanza kushika oili hujazaliwa."

Niliingia ndani nikafunga mlango. Chiriku alikuwa amesikia yote. Alivua viatu vipya vya shule alivyokuwa anavijaribu, akavirudisha kwenye boksi lake, akafunika, akakaa juu ya kitanda. Viatu vile ndivyo vilivyonirudisha gereji.

Jumapili nzima nikaosha. Nilifungua kila kiungo. Kompresa niliipindua juu ya beseni, ikatoa oili ya Baba kwa shibe, nikaizungusha kwa mkono na bado ilizunguka laini. Ilikuwa haijafa, nilikuwa nimeizima mapema. Nikanunua chujio jipya, nikaanza kupitisha dawa ya kusafishia kwenye mabomba ya kondensa, moja baada ya jingine, mpaka kitoke kimiminika kisicho na rangi. Kazi ya kuchosha roho. Kila nikidhani kimeisha, kinatoka cha kahawia tena.

Kama saa sita Baba aliingia. Hakumtuma Mama. Alisimama upande wa pili wa boneti, mikono nyuma, akaangalia kile kimiminika kinavyotoka.

"Hii kitu," akasema, "inatengenezaje baridi?"

Sikumwangalia. "Haitengenezi baridi. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Inachukua joto lililo ndani ya gari inalipeleka nje, inalitupa pale mbele kwenye kondensa. Basi. Ukiziba njia kama ulivyoziba wewe, joto linabaki ndani, linapanda, linagonga, kitu kinakufa."

Nikaendelea kumimina dawa.

"Na mtoto," akasema.

"Mtoto nini?"

"Kondensa yake ndiyo jasho."

Nilikuwa nimesubiri sentensi hiyo miaka saba. Daktari hakuweza kumwingizia, Mama hakuweza, mimi sikuweza, akaja kuipata kwenye bomba la kondensa. Nilipaswa kufurahi. "Ndiyo," nikasema. "Na yeye hana."

"Hana kabisa? Hata hapa?" Akagusa kwapa lake.

"Hata hapo."

Baba alishika ukingo wa boneti. Alikaa hivyo mpaka nikanyanyua kichwa. Uso wake ulikuwa umeshuka, sijawahi kumwona amezeeka vile.

"Siku ile hakulala," akasema.

"Siku gani?"

"Ile ya milimani. Niliwaambia alilala. Hakulala. Aliniambia, Babu turudi. Mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa hatujafika hata kilima cha kwanza. Mara ya tatu alisema polepole, hata sikumsikia vizuri. Halafu akanyamaza, nikajua ameshazoea."

Nilikuwa na spana namba kumi na saba mkononi. Niliiweka chini taratibu, mbali, kwa sababu najijua.

"Kwa nini hukurudi?"

"Kapteni na wenzake walikuwa nyuma yangu. Njia nyembamba. Nikigeuza, wote wanageuza." Akafuta ukingo wa boneti kwa kiganja. "Wangenicheka."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimwona mwanangu kwenye kiti kile cha basi, kifuani mkanda, msemaji yule mdogo asiyenyamaza, amenyamaza. Na pembeni yake mtu anayemwamini kuliko wote, anaangalia kioo aone kama wenzake wanamcheka. Nilimwambia Baba maneno ambayo siyaandiki hapa. Hakujitetea, hakusema nisimpandishie sauti. Nilipoishiwa pumzi alikuwa bado amesimama pale pale, mikono kwenye boneti.

Sikumwambia yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Nilimwambia ashike mpira upande wa pili auinue. Akaushika. Nikamimina dawa, ikatoka ya kahawia. Nikamimina tena. Alipokea kila beseni akalipeleka nje akalimwaga kwenye pipa la oili chafu, akarudi, akashika mpira. Tukaendelea hivyo mpaka kilipotoka kimiminika kama maji.

"Oili ngapi?" akauliza.

Nikampa kichupa cha kupimia. "Mpaka hapa. Isizidi huu mstari."

Aliimimina kwa mikono miwili, amezuia pumzi. Jioni, jua halijazama, upepo uliokuwa unatoka chini ya dashibodi ya Shangazi ulikuwa nyuzi saba. Niliiacha inanguruma saa nzima, sikio langu kwenye kompresa. Haikugonga.

Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi Chiriku alikuwa kwenye kiti chake, sare, viatu vipya, begi mapajani, chupa ya maji. Mimi chumba cha baridi kibovu cha muuza nyama kilikuwa kinanisubiri tangu Jumatano, na hata kisingenisubiri, kiti cha tatu hakipo.

Baba alizunguka gari akaniletea ufunguo. "Endesha wewe," akasema.

Shangazi hajawahi kuendeshwa na mtu mwingine. Sikuupokea ule ufunguo. Usukani wake unazunguka robo nzima bure kabla tairi hazijapata habari, na breki zake anaelewana nazo yeye peke yake. Ningemtia mtoto mtaroni ili tu nionekane nina hasira.

"Utampeleka wewe," nikasema. "Akisema turudi, unarudi. Humwulizi kwa nini. Huangalii nani yuko nyuma yako."

"Sawa."

"Sitaki sawa. Sema."

"Akisema turudi, narudi."

"Mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza."

Nikafunga mlango. Nilisimama getini nikawaangalia wakiondoka, madirisha yamepandishwa, kelele ile yote ya injini ya mikate, Chiriku tayari anaongea na mikono inaruka. Wakafika kona ya duka la dawa, ambapo barabara yetu inaingia kwenye foleni ya asubuhi. Nikaona taa nyekundu za breki.

Kisha Shangazi akageuka. Katikati ya foleni, mahali ambapo hairuhusiwi hata baiskeli kugeuka. Honi zikalipuka kila upande. Tairi kubwa zikapanda juu ya ukingo wa barabara, mtu wa pikipiki akamtukana Baba mama yake, dereva wa lori akatoa kichwa nje akamtukana na bibi yake, na Baba hakuangalia kushoto wala kulia. Nilishaanza kukimbia. Kiatu kimoja kilibaki getini. Nilijua gesi imevuja, nilijua kompresa imekufa, nilijua nitamkuta mwanangu na macho yale yasiyoniangalia, na nikawa namlaani Baba, najilaani mimi na matundu yangu mawili.

Nikafungua mlango kwa nguvu nusura niung'oe.

Baridi ikanipiga usoni. Ndani ya gari kulikuwa kama kwenye chumba cha nyama, na Baba, mikono yake miwili imeganda kwenye usukani, alikuwa anatiririka jasho mpaka kwenye kola.

"Amesema turudi," akaniambia. "Sijamwuliza kwa nini."

Chiriku alikuwa amejikunyata kwenye kile kiti kikubwa, ngumi zote mbili amezibana kwapani, midomo inatetemeka.

"Mama," akasema, "nataka sweta."

Sweta hana. Miaka saba, hakuna mtu aliyewahi kumnunulia. Nikavua koti langu la kazi, lile la kuingilia vyumba vya baridi, nikamfunika nalo mpaka kidevuni. Kisha nikamwambia Baba aende, watachelewa.